Namna ADHD inavyochunguzwa kwa mtoto na kwa mtu mzima: mwongozo kwa familia za Uganda

Wengi wanaokwenda hospitali kutafuta jibu kuhusu ADHD hutarajia kutolewa damu, kuingizwa kwenye mashine, kisha kukabidhiwa karatasi ya majibu. Utaratibu hauko hivyo. Hali hii ya upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi haina kipimo cha maabara wala picha ya ubongo inayoithibitisha. Hutambuliwa kwa historia ya maisha ya mhusika, iliyokusanywa kutoka kwa watu zaidi ya mmoja, ikalinganishwa na vigezo vilivyoandikwa, na baada ya kuangaliwa maradhi mengine yanayofanana nayo. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya uchunguzi hufanyika nyumbani na shuleni kabla ya mtu kukanyaga kliniki, na familia iliyokuja na kumbukumbu zilizopangwa vizuri humrahisishia mtaalamu kazi kuliko iliyokuja na fedha nyingi.

Vigezo vinavyotumika

Wataalamu hutegemea mojawapo ya miongozo miwili. Wa kwanza ni wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2022. Wa pili ni orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022. Miongozo hii inakubaliana katika mambo ya msingi, ila ule wa Marekani huhesabu dalili moja moja, na ndiyo maana watoa huduma wengi huupendelea.

Dalili zinazohesabiwa ni 18. Tisa zinahusu umakini: kukosea kwa kutoangalia, kushindwa kudumu na kazi moja, kuonekana kama hasikii anaposemeshwa, kuanza kazi na kuiacha njiani, kushindwa kupanga mambo, kukwepa kazi zinazohitaji akili kutulia kwa muda mrefu, kupoteza vitu, kuvutwa na kila kinachopita, na kusahau shughuli za kila siku. Tisa nyingine zinahusu utukutu na papara: kuchezesha mikono na miguu, kuinuka darasani, kukimbia na kupanda vitu pasipostahili, kushindwa kucheza kwa utulivu, kuwa mbioni wakati wote, kuongea kupita kiasi, kujibu kabla swali halijaisha, kushindwa kungoja zamu, na kuwaingilia wenzake. Mtoto anatakiwa awe na dalili sita au zaidi katika kundi mojawapo. Mwenye umri wa miaka 17 na kuendelea, tano zinatosha. Akifikisha idadi katika kundi la kwanza pekee, aina yake ni ya upungufu wa umakini. Katika la pili pekee, ni ya utukutu na papara. Akifikisha katika yote mawili, ni aina ya mchanganyiko.

Idadi hiyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wengi waliojipima kwa simu hupotea. Dalili ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, na ziwe zimezidi kiwango cha watoto wa umri ule. Baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Ziwe zinaharibu kitu halisi, iwe masomo, urafiki, usalama au kazi, na pasiwe na ugonjwa mwingine unaozieleza vizuri zaidi. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu wa hesabu, na kwingine kote ametulia, hatimizi sharti la mazingira mawili. Kwa mtoto wa aina hiyo, cha kuchunguzwa kwanza ni kipindi cha hesabu.

Pa kuanzia

Kituo cha afya kilicho karibu ndicho mlango wa kawaida. Katika vituo vingi vya daraja la nne na katika hospitali za wilaya yupo afisa tabibu wa magonjwa ya akili au muuguzi wa fani hiyo, naye anaweza kuchukua historia ya awali, kupima mwili na kuandika rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa, kama za Arua, Gulu, Mbale, Jinja, Masaka, Fort Portal na Mbarara, zina vitengo vya afya ya akili. Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, ambayo ina huduma ya watoto na vijana, na kuna Mulago. Baadhi ya wazazi huogopa kulitaja jina la Butabika mbele ya majirani. Wajue kwamba mtoto anayeletwa kwa uchunguzi wa ADHD hufika kliniki ya wagonjwa wa nje, akaonwa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ada za watumiaji ziliondolewa katika vituo vya serikali mwaka 2001, kwa hiyo kuonwa hapo ni bure isipokuwa katika wodi za kulipia. Kliniki za binafsi hutoza kila moja kwa kiwango chake, na ni busara kuuliza kabla ya kuanza: fedha hizo zinalipia vikao vingapi, nani atakayefanya uchunguzi, na kama ripoti ya maandishi imo. Ukiambiwa kwamba kipimo cha umeme wa ubongo au picha ya kichwa ndicho kitakachothibitisha ADHD, uliza kinatafuta nini hasa. Vipimo hivyo vina kazi yake pale panaposhukiwa kifafa au jeraha la kichwa. Nje ya hapo ni gharama isiyoleta jibu.

Faili la kupeleka kliniki

Wiki mbili au tatu kabla ya miadi zinatosha kuandaa faili la maana. Tafuta kwanza ripoti za mihula, hasa za darasa la kwanza hadi la tatu, na usitazame alama pekee. Tazama mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa. Maneno kama “ana uwezo lakini hatulii”, “hamalizi kazi zake” au “anaongea mno”, yakiandikwa na walimu watatu tofauti katika miaka mitatu tofauti, yana uzito kuliko simulizi yoyote ya mzazi, kwa kuwa yaliandikwa na watu ambao hawakujua kwamba siku moja yatasomwa na daktari. Weka pia madaftari mawili ya mtoto jinsi yalivyo, bila kuyapanga upya. Ukurasa ulioanza kwa mwandiko mzuri, ukavurugika mstari wa nne, na kuishia katikati ya sentensi, ni ushahidi unaoonekana kwa macho.

Kisha andika matukio badala ya sifa. “Ni mtundu” hakumwambii mtaalamu chochote. Mwandikie hivi: “Jumatatu nilimtuma dukani kununua sukari, umbali wa nyumba tano, alirudi baada ya saa nzima bila sukari na bila fedha, alikuwa ameungana na watoto waliokuwa wakitazama boda boda ikifunguliwa injini.” Matukio kumi ya namna hiyo, yenye siku na mahali, yanatosha. Andika na yale yanayokwenda kinyume: kazi anazozimaliza, mchezo unaomtuliza, mtu anayemsikiliza. Mtoto mwenye ADHD anaweza kukaa saa mbili akitengeneza gari la waya, na jambo hilo halifuti utambuzi, kwa sababu ugumu wake uko katika kuuelekeza umakini kwenye kazi asiyoichagua.

Historia ya afya ndiyo sehemu ya tatu ya faili: mimba na uzazi vilikwendaje, mtoto alizaliwa na uzito gani, alilia mara moja au alichelewa, alianza lini kutembea na kusema, aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, aliwahi kupata degedege. Kadi ya kliniki ya mtoto ikiwa bado ipo, ibebe. Uliza pia upande wa baba na upande wa mama, kwani hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mjomba aliyeacha shule tatu na kubadili kazi kila mwaka ana nafasi katika historia hii, hata kama familia haipendi kumzungumzia.

Kuhusu shule, omba fomu ya tathmini ya mwalimu ijazwe na mtu anayemjua mtoto kwa muda usiopungua miezi michache. Mtoto akiwa bwenini, kama walivyo wengi nchini, mzazi humwona wakati wa likizo tu, na shahidi wa kweli wa asubuhi na jioni ni matroni. Anajua nani hakutandika kitanda, nani alipoteza ndoo ya tatu tangu muhula uanze, nani hamalizi chakula chake kwa kuzungukazunguka. Mwite naye atoe maelezo. Darasa lenye watoto themanini humpa mwalimu nafasi ndogo ya kumtazama mmoja, na anayekaa kimya akiota mchana nyuma ya darasa hatamkumbuka kabisa. Mwombe mwalimu amtazame kwa makusudi kwa wiki moja kabla ya kujaza.

Siku ya kliniki

Mahojiano ya kwanza huchukua saa moja au zaidi, na mara nyingi hayamalizi kazi. Mtaalamu mzuri haulizi “je, mtoto wako hana umakini?” Huuliza hivi: “Mama, hebu nieleze asubuhi ya jana ilivyokwenda, tangu alipoamka mpaka alipotoka mlangoni.” Mzazi akisema alivaa, huulizwa nani alimkumbusha, mara ngapi, na soksi zilipatikana wapi. Maelezo hayo madogo ndiyo yanayoonyesha kama kuna tatizo la kupanga na kukumbuka, au kama nyumba yenye watoto sita na bomba moja ingemchelewesha mtoto yeyote.

Hojaji hufuata. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 hutumika sana ya Vanderbilt, yenye maswali 55 kwa mzazi na 43 kwa mwalimu. Nyingine ni SNAP-IV, ambayo toleo lake fupi lina maswali 26, na ya Conners, ambayo hununuliwa. Katika Vanderbilt kila dalili hupewa alama kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 3, yaani mara nyingi sana, na zinazohesabiwa ni zile zilizopata 2 au 3. Hojaji ikiwa kwa Kiingereza na mzazi anazungumza Kiswahili, Kiluganda au Kilugbara, mtoa huduma humsomea akitafsiri, na hapo mzazi asione haya kusema hajaelewa swali. Asitumwe mtoto mwenyewe kutafsiri, wala kaka yake. Matokeo ya hojaji ni kielelezo tu. Alama za juu pekee hazimpi mtu ADHD, na alama za chini kutoka kwa mwalimu aliyechoka hazimwondolei.

Usishangae mtoto akitulia kabisa mbele ya daktari. Mahali pageni, mtu mgeni, na hofu kidogo humtuliza hata mtukutu wa kupindukia kwa nusu saa. Mtaalamu mwenye uzoefu anajua hivyo, na hampimi mtoto kwa kile alichokiona chumbani mwake pekee.

Mambo yanayofanana na ADHD

Hapa Uganda sehemu hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote, na nina wasiwasi kwamba ndiyo inayorukwa zaidi. Kuanza na macho na masikio: mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara husikia nusu ya maneno, na asiyeona ubao huacha kuutazama. Vyote viwili hupimwa kwa dakika chache. Upungufu wa damu humfanya mtoto mchovu na mzito wa kufuatilia mambo. Anayekoroma usiku na kulala mdomo wazi, huenda akawa na nyama za nyuma ya pua zilizovimba, usingizi wake ukakatika usiku kucha, na mchana akawa na fujo badala ya kusinzia, maana ndivyo uchovu unavyojionyesha kwa watoto. Selimundu, maambukizi ya VVU tangu kuzaliwa, na malaria iliyopanda kichwani vinaweza kuacha athari katika kumbukumbu na umakini. Watafiti wa Makerere na wenzao wameifuatilia kwa miaka mingi hiyo ya malaria. Mtoto aliyebadilika baada ya ugonjwa mkali ana historia tofauti na yule aliyekuwa hivyo tangu alipoanza kutembea, na tofauti hiyo iandikwe wazi.

Kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu. Mtoto huganda ghafla, hutumbua macho sekunde kumi hivi, haitiki hata akiguswa, kisha huendelea na alichokuwa akifanya bila kujua kilichotokea. Mwalimu huandika kwamba anaota mchana. Mtabibu anayeshuku hili anaweza kumpa mtoto kipande cha karatasi na kumwambia akipulize mfululizo kwa dakika tatu hivi, huku akimtazama. Kupumua kwa nguvu namna hiyo mara nyingi huamsha tukio lenyewe pale pale chumbani, na hapo kipimo cha umeme wa ubongo huwa na sababu ya kufanywa.

Lugha nayo huleta utata. Katika maeneo mengi watoto hufundishwa kwa lugha ya eneo lao darasa la kwanza hadi la tatu, kisha darasa la nne huwa la kuhamia Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari akaanza kutazama dirishani mwaka huo huo, inafaa kwanza aulizwe anaelewa kiasi gani. Jambo hilo linawagusa zaidi watoto wa Kikongo wanaozungumza Kiswahili katika makazi ya Nakivale, Kyangwali na Rwamwanja, ambao hukuta darasani lugha mbili ngeni kwa mpigo. Tena wengi wao wameona mambo mazito njiani. Mtoto aliyeona vita hushtuka kwa kila sauti, halali vizuri, hatulii kitini, hasikii anachofundishwa. Orodha ya dalili ingempa ADHD kwa urahisi, ilhali anachohitaji ni msaada wa kiwewe. Swali linalowatenganisha ni la wakati: alikuwaje kabla?

Na kipigo pia. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni, lakini mzazi anayejua kinachoendelea amwambie mtaalamu ukweli. Mtoto anayekaa akingoja kupigwa hawezi kusikiliza somo.

Baada ya hayo yote hutafutwa yale yanayoambatana na ADHD, maana mara nyingi haiji peke yake: ugumu wa kusoma, wasiwasi, ukaidi, usonji. Kabla ya mwaka 2013 mwongozo wa Marekani haukuruhusu mtoto kuandikiwa usonji na ADHD kwa pamoja, sasa unaruhusu. Vipimo vya akili na vya kusoma si sharti la utambuzi, ila vinafaa sana pale mtoto anapoanguka katika somo moja au mawili na kufanya vizuri kwingine.

Umri mdogo na wasichana

Chini ya miaka minne, wataalamu wengi hawatoi utambuzi huu, kwani utukutu wa umri huo ni wa kawaida. Tahadhari nyingine inawahusu watoto walioingizwa darasa la kwanza mapema: utafiti katika nchi kadhaa umeonyesha kwamba walio wadogo kuliko wenzao darasani huandikiwa ADHD mara nyingi zaidi, kwa sababu wanalinganishwa na watoto waliowazidi karibu mwaka mzima. Wasichana wao hupotea kwa njia nyingine. Wengi wana aina ya upungufu wa umakini, hawasumbui mtu, na huitwa wavivu au wazito mpaka wanapofika sekondari, ambako mzigo wa masomo huwazidi.

Mtu mzima

Uchunguzi wa mtu mzima hufuata njia ile ile, ila ushahidi wake uko mbali zaidi. Huanza mara nyingi na hojaji ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ASRS, yenye maswali 18, ambayo sita ya kwanza hutumika kuchuja. Majibu manne au zaidi katika eneo lililotiwa kivuli humaanisha kwamba uchunguzi kamili unafaa. Haimaanishi zaidi ya hapo. Mahojiano yanayofuata, kama yale ya DIVA-5, huchukua kila dalili na kuuliza mara mbili: ilikuwaje utotoni, na ikoje sasa.

Swali la utotoni ndilo gumu. Kumbukumbu ya mtu kuhusu nafsi yake akiwa na miaka tisa si ya kutegemewa, kwa hiyo njoo na mtu aliyekulea, au mpigie simu akiwa tayari kuzungumza na mtaalamu: mama, shangazi, dada mkubwa. Waulize mapema, na uwaulize kwa upole, “Shangazi, nilikuwa mtoto wa namna gani nilipokaa kwako?” bila kuwatajia jibu unalolitaka. Ripoti za zamani za shule, barua za kusimamishwa, hata cheti cha kumaliza shule ya msingi chenye matokeo yasiyolingana na uwezo ulioonekana baadaye, vyote vibebwe.

Kwa upande wa sasa, utukutu wa mwili mara nyingi huwa umepungua na kugeuka kutotulia kwa ndani. Kinachobaki ni kodi iliyolipwa kwa kuchelewa ilhali fedha ilikuwapo, mikopo midogo ya simu iliyosahauliwa, ajira nne zilizoachwa kwa hasira ya siku moja, pikipiki iliyogongwa mara kwa mara. Mueleze mtaalamu mambo haya pamoja na njia unazotumia kujikinga, kama kengele kumi za simu au mke anayeshika fedha zote. Mtu anayejimudu kwa msaada mkubwa anaweza kuonekana hana tatizo.

Umakini uliopotea ukiwa na miaka 35, ambao haukuwapo hapo kabla, una chanzo kingine. Sonona, wasiwasi, ugonjwa wa hisia mseto, tezi ya shingo, usingizi mbovu, pombe, bangi na mairungi vyote huulizwa, na anayetumia vitu hivyo aseme bila kuficha, kwa kuwa vinaweza kuiga ADHD na pia vinaweza kuwa njia ya mtu mwenye ADHD kujituliza. Baadhi ya watu wazima hufika kliniki kwa sababu ya watoto wao: mama anajaza hojaji ya mwanawe, na kufikia swali la nane anaanza kujiona yeye. Amwambie mtoa huduma pale pale.

Baada ya uamuzi

Omba maandishi. Barua iseme aina ya ADHD, ukali wake, hali nyingine zilizokutwa, taarifa zilitoka kwa nani, na tarehe ya kurudi. Jibu likiwa hapana, barua bado inahitajika, nayo itaje nini kingine kilichoonekana na mgonjwa aelekezwe wapi. Dawa ikipendekezwa, uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo vipimwe na kuandikwa kabla ya kidonge cha kwanza, na iulizwe kama kuna mtu katika familia aliyefariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa kijana.

Usiiache nakala ya asili ya barua shuleni. Toa vivuli viwili, kimoja kwa mwalimu mkuu na kimoja kwa matroni. Mtoto akiwa anakaribia mtihani wa darasa la saba, umuhimu wake unaongezeka, kwani bodi ya mitihani, UNEB, huwapangia watahiniwa wenye mahitaji maalumu utaratibu wao, ukiwemo muda wa ziada, lakini ombi hupitia shuleni na hutakiwa wakati wa usajili. Zungumza na mwalimu mkuu mwanzoni mwa mwaka huo, barua ikiwa tayari mkononi mwake kabla usajili haujafungwa.